Panzi wa muhogo na senene wa nyasi



Hoja yangu leo ni moja, na naitanguliza ili tusipotezane njiani. Ukitaka kumjua mdudu anayeishi kwa mimea, anza na chakula chake. Rangi ya mwili wake, saa zake za kutembea, mahali anapotaga, hata kama binadamu anaweza kumtia kikaangoni, mambo hayo yote yanakwenda na kile anachokula. Nitalionyesha hilo kwa wadudu wawili ambao mtoto wa hapa Bagamoyo akiwaona atasema wote ni panzi. Mmoja anakula muhogo wetu. Mwingine anakula nyasi. Mwishoni nitasema kwa nini mkulima anayewachanganya hao wawili anajipotezea fedha na pengine afya ya nyumba yake.

Huyo wa kwanza kila mwenye shamba la muhogo amekutana naye. Ni mnene, mzito wa kuruka, mwili wake ni wa kijani kinachoelekea manjano, umepigwa mistari myeusi, na vipapasio vyake vina pete za rangi ya chungwa. Wengi wao wana mbawa fupi zisizofika hata mwisho wa tumbo, kwa hiyo huwaoni wakipaa. Wanatembea, tena taratibu, kama wasio na adui. Mshike mmoja, atakutolea mgongoni majimaji yenye harufu inayobaki vidoleni hata ukishanawa. Ndiyo maana wengi humwita panzi anayenuka. Jina lake la kitaalamu ni Zonocerus elegans. Ana ndugu wa karibu sana huko Afrika Magharibi, Zonocerus variegatus, aliyeingizwa katika orodha ya viumbe na Linnaeus mwaka 1758. Huyo wa magharibi ndiye aliyechunguzwa zaidi, hasa nchini Nigeria katika miaka ya 1970, kwa sababu huko pia muhogo ndio mlo wa watu. Nitakapoegemea uchunguzi wa kule nitawaambia.

Wa pili ni senene, Ruspolia differens. Wenzetu wa Kagera wakilisikia jina hilo mate huwajaa. Hapa pwani yupo pia, ila haji kwa makundi makubwa kama ya Bukoba. Utampata mmoja mmoja kwenye nyasi ndefu, au usiku wa mvua akizunguka taa ya barazani. Mwili wake ni mwembamba, kichwa kimechongoka mbele, mbawa ni ndefu kupita tumbo. Wengi ni wa kijani, wengine wa rangi ya majani makavu, na wachache wana rangi ya zambarau. Weka senene wa kijani kwenye nyasi za masika na wa kahawia kwenye nyasi za kiangazi, kisha geuza uso kidogo. Ukirudi utawatafuta.

Mtu atauliza: hawa si ndugu? Ndugu, ndiyo, ila undugu wao ni wa mbali mno. Ukoo mkubwa unaowakusanya panzi, nzige, senene, nyenje na chenene uligawanyika matawi mawili zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla dinosaria hawajatembea juu ya ardhi. Tawi moja limebeba panzi na nzige. La pili limebeba nyenje, chenene na senene. Kwa maneno mengine, senene yuko karibu zaidi na nyenje anayelia nyuma ya mtungi kuliko alivyo karibu na panzi wa kwenye muhogo, ingawa macho yanatuambia vingine.

Dalili za kuwatofautisha ni rahisi, na naomba walimu mliopo mzichukue, maana hazihitaji maabara. Tazama vipapasio: panzi ana vifupi na vinene, senene ana virefu vyembamba kama uzi, aghalabu kupita urefu wa mwili wake mwenyewe. Tafuta masikio: kwa panzi na nzige sikio liko ubavuni mwa tumbo, mahali tumbo linapoanzia, kwa senene na nyenje liko kwenye mguu wa mbele, chini kidogo ya goti, kama mwanya mdogo. Naam, wanasikia kwa miguu. Sauti nazo hutofautiana. Panzi wengi wanaolia husugua paja juu ya ubawa. Senene dume husugua ubawa kwa ubawa, naye hutoa mvumo mmoja usiokatika, usiku, kutoka ndani ya nyasi. Panzi wetu anayenuka hana wimbo wa namna hiyo. Halafu mtazame jike nyuma. Senene jike ana kitu kama upanga kilichotokeza, na kwa huo hupenyeza mayai kati ya jani na shina la nyasi. Panzi jike hana upanga. Ana ncha fupi ngumu za kuchimbia, huzamisha tumbo lake udongoni, hutaga mayai kwa kichala na kuyafunika kwa povu linalokauka. Shikeni hilo la mayai ya udongoni. Ndilo litakalotusaidia baadaye.

Sasa nije kwenye chakula, na hapa nitakaa sana.

Muhogo ni mmea wenye silaha. Ndani ya chembechembe za jani lake kuna sumu iliyohifadhiwa katika vipande viwili visivyogusana: upande mmoja kitu chenye asili ya sukari, upande wa pili kimeng'enya cha kukivunja. Jani likitafunwa, vizuizi hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sayanidi hutoka. Kina mama wa pwani wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Kisamvu hakichumwi na kutupwa sufuriani kizima kama mchicha. Kinatwangwa, kinachemshwa muda mrefu, mvuke unaachwa utoke, ndipo nazi inakuja. Kutwanga kule ndiko kunakovikutanisha vipande viwili vya sumu, na moto ndio unaoifukuza. Mahali ambapo njaa imewalazimisha watu kula muhogo mchungu uliokaushwa haraka bila kuandaliwa vya kutosha, tumeona ugonjwa wa konzo unaolemaza miguu ghafla, na watoto ndio walioathirika zaidi. Umewahi kutokea katika nchi yetu, Tarime katika miaka ya 1980 na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Panzi hana kinu wala moto. Anakula vipi? Watafiti walioketi na yule ndugu yake wa Nigeria waliona jambo ambalo mimi naliona la ajabu mpaka leo. Tunutu, yaani mtoto wa panzi, akiwa peke yake mbele ya jani bichi la muhogo lililojaa maji, huling'ata kidogo na kuliacha. Sayanidi ya jani inamtokea usoni. Jani lililonyauka analila bila shida, kwa sababu jani lililonyauka halitoi sumu kwa kasi ile. Na tunutu wa panzi huyu hawakai peke yao. Wanaanguliwa pamoja, wanatembea pamoja, wanapanda mmea mmoja kwa wingi. Kila mmoja akiuma kidogo na kuacha, mmea unajeruhiwa kila pembe, unalegea, unanyauka, na sasa chakula kiko tayari kwa wote. Wanachoshindwa mmoja mmoja wanakiweza wakiwa kundi. Majani yakiisha wanageukia ganda la shina, wanalibambua, na mkulima anayetafuta pingili za kupanda msimu ujao anakuta vijiti vyeupe vilivyokauka.

Hasara huwa kubwa zaidi wakati wa kiangazi. Nyasi zimekauka, magugu yamekufa, na muhogo ni miongoni mwa mimea michache iliyobaki kijani kutoka barabara ya Msata mpaka kingo za Wami. Tusimshangae panzi kwa kuuvamia wakati huo.

Lakini huyu hatosheki na kuvumilia sumu. Anaitafuta. Kuna mimea yenye sumu chungu ya jamii nyingine, inayoharibu maini ya ng'ombe na ya watu, na mmojawapo ni marejea. Wazee mnaikumbuka: marejea ilienezwa sana nchini na watawa Wabenediktini wa Peramiho kama mbolea ya kijani na dawa ya kuzuia magugu, na ni mmea mzuri kwa udongo. Mwaka 1984 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio lililo wazi kabisa. Waliitenga ile sumu ya mimea ikiwa safi, bila jani wala ua, wakaiweka mbele ya panzi wa jenasi hii. Panzi waliifuata na kuila. Hawaili kwa sababu ya njaa, kwa kuwa haina lishe yoyote kwao. Wanaiweka mwilini kama kinga, na jike huipitisha mpaka kwenye mayai, yakalala ardhini yakiwa na ulinzi wa mama yao.

Sasa rangi zake zinaeleweka. Mdudu aliyebeba sumu anafaidika akionekana. Ndege akimwonja mmoja na kutapika, hatarudia, ilimradi aweze kumtambua wa pili. Ndiyo sababu ya mistari myeusi na pete za chungwa, mwendo wa taratibu, na kutembea mchana kweupe kwa makundi. Na ndiyo sababu nawaomba wazazi mlio hapa msiwaache watoto wamchome panzi huyu na kumla kama wanavyokula panzi wengine. Kuna mahali Afrika ambako wanaliwa baada ya kutolewa matumbo na kupikwa kwa uangalifu, na watu wa huko wana ujuzi wao wa vizazi. Sisi hatuna ujuzi huo.

Senene amefuata njia nyingine kabisa. Anakula nyasi, na katika nyasi anapenda zaidi masuke, yaani maua na mbegu zikiwa bado na maziwa. Nyasi nyingi hazina sayanidi ya kutisha wala uchungu wa marejea. Ulinzi wake mkubwa ni ugumu: majani yake yana chembe ngumu kama za mchanga. Senene huepuka sehemu hiyo na kupanda juu kwenye suke, mahali penye wanga, protini na mafuta. Chakula bora, kisicho na sumu ya kuazima. Kwa hiyo mwili wake ni mtamu kwa kila kiumbe, kuanzia ndege na popo hadi mjusi na binadamu. Akionekana ameliwa. Basi anavaa rangi ya nyasi, anakaa kimya mchana, na kuimba giza likishaingia.

Mafuta ya masuke hayo ndiyo yanayomwingizia Mhaya wa Kagera fedha. Senene aliyekaushwa ana protini takriban asilimia 40 ya uzito wake, na mafuta kiasi hicho au zaidi, ndiyo maana hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe pamoja na chumvi na kitunguu. Misimu yake huko Ziwa Viktoria huja na mvua, mkubwa ukiwa wa Novemba na Desemba. Zamani kina mama wa Kihaya waliwakusanya alfajiri kwenye nyasi wakawapelekea waume zao, na wao wenyewe kwa mila hawakuruhusiwa kuwala. Ng'ambo ya mpaka, kwa Baganda, kuna ukoo mzima unaoitwa Nsenene ambao mdudu huyo ni mwiko kwao. Siku hizi kazi imekuwa ya taa kali na mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa: senene huvutwa na mwanga, hugonga bati, huteleza ndani. Kutoka Bukoba husafirishwa wakiwa wamekaangwa, na Dar es Salaam wanauzwa kwenye vifuko, bei ikiwa juu ya nyama. Mimi naona fahari kwamba nchi yetu ina chakula cha namna hii, na ningependa watu wa pwani waache kukunja uso.

Kabla ya kurudi shambani, niwaguse nzige, maana najua mtaniuliza. Nzige ni wa tawi la panzi. Katikati ya miaka ya 1890 walishuka juu ya Uzigua, bara tu ya hapa tulipo, na njaa ya mwaka 1894 hadi 1896 ikavunja vijiji vingi, wakati ambapo Wadachi walikuwa wanakaza utawala wao. Tofauti kubwa ni hii: nzige hugeuka. Boris Uvarov alionyesha mwaka 1921 kwamba nzige mpweke na nzige wa kundi ni mdudu yule yule aliyebadilika umbo, rangi na tabia kwa sababu ya msongamano, kisha akapaa mamia ya kilomita. Panzi wetu anayenuka anapenda kundi tangu kuanguliwa, lakini hana safari hiyo. Aliye kwenye shamba la Makurunge amezaliwa Makurunge.

Na hapo ndipo penye ushindi wetu. Mdudu asiyeruka mbali, mwenye kizazi kimoja kwa mwaka, anayetaga udongoni kwa pamoja na wenzake, ametuonyesha mwenyewe mahali pa kumpiga. Majike wakifikia wakati wa kutaga hukusanyika mahali pamoja, chini ya kivuli cha vichaka pembezoni mwa shamba au chini ya mti uliobaki, wakichimba bega kwa bega. Mayai yao hukaa hapo miezi mingi, kwenye kina cha sentimita chache tu. Kule Nigeria walijaribu kazi nyepesi: wanakijiji waliweka alama mahali panzi walipokusanyika, kisha wakapachimba kwa jembe. Vichala vikafunuliwa, jua na siafu wakamaliza kazi, na panzi wa msimu uliofuata walipungua. Eneo la kutagia linaweza kuwa dogo kama chumba kimoja, nalo ndilo linalolisha uharibifu wa mashamba kadhaa. Kwa hiyo kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja. Jirani asipochimba kwake, tunutu watavuka mpaka kwa miguu. Ni kazi ya mtaa au kitongoji, asubuhi chache za pamoja, wakati panzi wakubwa wanapoanza kukusanyika na kabla ya mvua za kuwaangua.

Wengi wenu badala yake mnakwenda dukani kununua dawa ya kupuliza. Naelewa. Mtu akiona majani yanaisha, moyo unamwaka. Lakini tufikiri pamoja. Muhogo wa pwani ni mmea wa milo miwili, mizizi na kisamvu. Dawa inayopulizwa kwenye jani leo, kesho kutwa jani hilo liko kinuni. Kutwanga na kuchemsha tulikojifunza kwa mababu kunaifukuza sayanidi. Hakukutengenezwa kwa ajili ya sumu za viwandani. Pili, dawa haichagui. Inaua nzi wanaotaga ndani ya mwili wa panzi, inaua mbawakawa ambao watoto wao hula mayai ya panzi ardhini, inaua na senene kwenye nyasi za mpakani, ambaye hajagusa muhogo hata siku moja. Tatu, panzi wakubwa waliokwisha kutaga ukiwaua leo umechelewa. Wa mwakani wako tayari chini ya miguu yako.

Kuna msaada mwingine ambao tayari uko shambani. Mkiona panzi aliyekufa amekumbatia ncha ya mmea, kichwa juu, amekauka hapo hapo, msimng'oe. Ameuawa na ukungu unaompandisha juu ili mbegu zake zisambazwe na upepo kwa wenzake. Ukungu wa aina nyingine umekwisha kutumiwa na serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa dhidi ya nzige wekundu huko Katavi na bonde la Rukwa mwaka 2009, ukapuliziwa kutoka kwenye ndege, na ndege wa angani na wanyama wa hifadhini hawakudhurika kama ambavyo kemikali zingewadhuru. Ikiwa ukungu ulitumika kulinda hifadhi ya taifa, sioni kwa nini kisamvu cha mtoto wa Zinga kistahili ulinzi mdogo kuliko huo. Watafiti wetu wana mashamba ya majaribio ya muhogo pale Chambezi. Wamepambana kwa miaka na magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia, na wana haki ya kuyapa magonjwa hayo kipaumbele. Naomba panzi naye aingizwe katika orodha.

La mwisho linahusu magugu. Afrika Magharibi ilivamiwa katika karne iliyopita na kichaka kutoka Amerika, Chromolaena odorata, kinachofunga mashamba yaliyoachwa. Maua yake yana ile sumu anayoitafuta panzi, na kivuli chake kinafaa kwa kutagia. Watafiti wa huko waliona kwamba kadiri kichaka kilivyoenea, ndivyo panzi walivyozidi kwenye muhogo. Kichaka hicho kimekwisha kuonekana kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Hakijawa tatizo letu hapa Bagamoyo, na njia ya kukizuia ni kukitambua mapema: majani ya pembe tatu yenye mishipa mitatu mikuu, yakisuguliwa yananuka kwa ukali, na maua madogo meupe au ya zambarau hafifu kwa vishada. Mabwana na mabibi shamba wa kata, picha zake ziwekeni ukutani ofisini. Mkulima akikiona kando ya barabara ya Msata au kwenye kiwanja kilichochimbwa mchanga, akakileta kikiwa kimoja, kitang'olewa kwa mkono.